Shimo Langu Chini ya Migomba ya Jirani

Barua ya kaka yangu ilinikuta Tanga, kwenye mkonge. Ilisema baba amefariki na amekwisha kuzikwa, na kwamba nikija nisije mikono mitupu, maana watu wa matanga walikuwa wamemaliza kila kitu isipokuwa viti. Nilikwenda mikono mitupu. Nilipanda treni na shati moja, blanketi moja, na kipande cha ulanga kilichong'aa kama kioo, ambacho nilikiokota nilipofanya kazi ya kuchimba ulanga milima ya Uluguru na sikutaka kuachana nacho.

Sikuwa mtu wa kukaa. Shule niliiacha darasa la tatu kwa sababu ya lori. Lilikwama kwenye tope karibu na shule, mwalimu akatutoa darasani tukalisukume, na lilipotoka kwenye tope mimi nilikuwa juu yake. Nilitaka kujua tu lilikuwa linakwenda wapi. Lilikuwa linakwenda Moshi. Kutoka Moshi kulikuwa na lori jingine, na hilo nalo lilikuwa linakwenda mahali. Nilirudi nyumbani baada ya miezi saba, mama akanipiga, kisha akanipa chakula, kisha akanipiga tena alipokumbuka.

Basi nilipofika safari hii, ukoo ulikuwa umekaa kwenye nyasi mbele ya nyumba kugawa urithi. Mshili, ndiye mzee anayesimamia ukoo kwetu Meru, aliyasoma maneno ya baba kutoka kichwani mwake, kwa kuwa baba hakuandika kitu. Kaka yangu mkubwa alipata shamba la kahawa. Mdogo wetu alipata nyumba ya mama na migomba inayoizunguka, kama ilivyo desturi ya mtoto wa mwisho. Kisha mshili akanitazama mimi wa katikati, akajikuna shingo.

"Huyu, baba yake alisema apewe shimo," akasema. "Alisema shimo halihitaji palizi."

Watu walicheka hata wale waliokuwa bado wanalia.

Lakini shimo lenyewe halikuwa mzaha. Babu wa baba yangu alipompokea mgeni mmoja asiye na ardhi, alimkatia sehemu ya shamba lake na kumwambia, chukua juu, chini nimebakiza. Chini kulikuwa na udongo mweupe wenye chumvi, ambao sisi tuliuita magadi tu, ingawa si yale magadi ya ziwani. Ng'ombe akilamba udongo ule maziwa yanaongezeka na manyoya yanakaa vizuri. Tangu hapo ukoo wa yule mgeni ulilima juu, migomba na baadaye kahawa, na ukoo wetu ukachimba chini. Tuliruhusiwa kuufuata mshipa wa udongo kokote unakoelekea, mradi tusitoboe mdomo wa pili. Waliolima hawakuruhusiwa kuziba njia ya kufikia shimo. Kila mwaka, masika ikikatika, hakuna aliyechota kabla mwenye shimo hajashuka mwenyewe akatoa kikapu cha kwanza. Na kulifukia ni yeye peke yake. Mtu mwingine akilifukia ilihesabiwa kwamba amemzika mwenye shimo angali hai.

Kwa hiyo mimi, ambaye sikuwa na hata mti mmoja wa ndizi, nilikuwa na mali iliyokwenda chini ya migomba ya mtu mwingine. Siku ile ile nilikwenda kumsalimia mtu huyo.

Alikuwa mama mjane, mnene, mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya bonde bila kusimama. Nilimkuta anachambua kahawa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe ndiye wa chini?"

"Ndiye mimi."

"Mimi ndiye wa juu. Baba yako alikuwa mpole. Alipita hapa kama paka. Wewe una miguu ya nani hiyo, mbona unakanyaga kama askari?"

Nilimwambia ni miguu ya kutembea sana. Akanipa kiti na ndizi za kuchoma, na kutoka siku hiyo yeye akawa Mama wa Juu na mimi nikawa Mwanangu wa Chini, na watoto wa njiani wakayachukua majina hayo.

Nilikipenda kile kikapu cha kwanza kuliko nilivyotegemea. Unaingia kwa kuinama, kisha pango linapanuka, na ukiwasha kandili kuta zinakuwa nyeupe kama unga. Mshipa ulikuwa umekwenda mbali kuliko nilivyoukumbuka utotoni. Nilipotoka nje walikuwa wananisubiri watu wa Kikwe waliopanda kutoka tambarare, na Waarusha waliozunguka mlima kutoka upande wa Ngaramtoni na punda zao. Hawakulipa fedha. Walileta maziwa ya mgando, au mguu wa mbuzi, au asali, na walinisalimia kwa heshima ambayo sikuwa nimesalimiwa tangu kuzaliwa. Mtu ambaye Tanga aliitwa kwa namba anaambiwa na mzee mwenye mifugo, "Mwenye shimo, utaturuhusu?" Nilijibu nitaruhusu. Niliruhusu sana.

Kwa kuwa mimi ni mtu wa kutaka kujua, nilifunga udongo kidogo kwenye kitambaa nikaupeleka mjini Arusha, bomani, kwa watu wa migodi. Karani mmoja mwenye miwani alikitazama kitambaa bila kukigusa.

"Umeleta nini?"

"Udongo."

"Wa kufanyia nini?"

"Wa kulambwa na ng'ombe."

"Na ng'ombe umemwacha wapi?"

Hata hivyo aliupeleka ndani kwa Mzungu. Mzungu akaunusa, akaugusa kwa ncha ya ulimi, akakunja uso, akautuma urudi kwa adabu. Karani akanieleza kwamba kila kilicho chini ya ardhi Tanganyika kiko mikononi mwa Serikali ya Mfalme.

"Hata minyoo?" nikamwuliza.

"Nenda nyumbani," akasema, lakini alikuwa anacheka. "Udongo wako hauna shida. Mfalme hafugi ng'ombe Meru."

Nilipomsimulia Mama wa Juu alicheka mpaka akashika mgomba. "Kwa hiyo juu mimi, chini wewe, na chini yako Mfalme wa Waingereza! Ndiyo maana shamba langu halitulii."

Maneno hayo yalikuwa ya mzaha, lakini shamba kweli halikutulia. Mwaka ule kahawa ilikuwa na bei nzuri na Mama wa Juu aliamua kujenga. Si kibanda. Nyumba ya mawe, vyumba vitatu, bati juu. Wanawake wa kanisani walimsaidia kubeba mawe kutoka mtoni kwa majuma mengi. Mabati aliyanunua mjini akayaegemeza kwenye mti wa kahawa akayafunika majani. Nyumba yake ya nyasi ilikuwa imeinamia upande mmoja, na ili kupata miti ya jukwaa la ujenzi alibomoa nusu yake. Alibaki analala kwenye ile nusu nyingine na ng'ombe wake, na vuli haikuwa mbali.

Fundi alikuwa mwashi kutoka Tabora, mtu mkimya, hodari. Siku ya nne ya kuchimba msingi, mtaimbo wake ulimponyoka. Haukuanguka pembeni. Ulizama wote, ukatoweka. Fundi aliketi pembeni ya mtaro, akawasha sigara, akamwambia Mama wa Juu kwamba yeye hujenga juu ya ardhi, hajengi juu ya mdomo wa mtu.

Niliitwa. Nikashuka na kandili, nikapita mdomo wa shimo, nikafuata mshipa, na mwisho kabisa nikaukuta mtaimbo umesimama wima katikati ya pango, mwanga wa jua umeingia nao. Baba na babu walikuwa wamechimba chini ya mahali pale pale ambapo Mama wa Juu alitaka kuweka sebule.

"Sogeza nyumba, mama," fundi akasema.

"Niisogeze wapi? Upande huu kahawa, upande ule mteremko, pale kaburi la mume wangu. Nimsogeze yeye?"

Nikamwambia asihangaike. Nilikuwa nimefanya kazi kwenye ulanga, na huko nilijifunza kuchora pango kutoka juu. Mimi nagonga dari chini kwa nyundo, mtu wa juu anasikiliza, mahali anaposikia anaweka alama. Tukijua pango linapita wapi hasa, pengine msingi unaweza kulikwepa. Kesho yake ilikuwa siku ya soko na Mama wa Juu alikwenda kuuza ndizi. Mimi na fundi tukaanza. Niligonga asubuhi nzima. Fundi alilala kifudifudi, sikio kwenye udongo, na kila aliposikia alipiga kelele "Hapa!" na kuchomeka kijiti.

Vijiti vilikuwa vikavu na mchwa wa pale hawachelewi. Nikaona heri niweke kitu kitakachodumu. Kando ya shamba la kaka kulikuwa na isale nyingi, ule mmea wa majani marefu ambao ukikata tawi ukalichomeka linashika mizizi bila kuombwa. Nikakata mzigo mzima. Tulipomaliza, safu nzuri ya isale ilizunguka msingi, ikapita nyuma ya kaburi, ikachukua nusu ya kahawa na kurudi mpaka kwenye mdomo wa shimo. Nilisimama nikaitazama kazi yangu nikafurahi. Fundi naye alifurahi. Yeye ana udhuru, ni mtu wa Tabora.

Mimi nilizaliwa pale. Mtoto yeyote wa Meru, hata yule anayebebwa mgongoni, anajua kwamba isale hupandwa kwa ajili ya mpaka. Ukiipanda kuzunguka mahali umesema: hapa ni pangu. Lakini nilikuwa nimekaa miaka mingi mahali ambapo watu hupigilia vigingi asubuhi na kuving'oa jioni, na jambo lile lilikuwa limenitoka kichwani kama jina la mtu uliyesafiri naye mara moja.

Mama wa Juu alirudi kutoka sokoni na kikapu kichwani. Aliona msingi wake, kaburi la mumewe na nusu ya kahawa yake vimezungushiwa mpaka mpya. Kikapu kilianguka. Yowe alilopiga lilisikika nadhani mpaka Kikwe, na watu walikuja na mapanga wakidhani ni chui.

"Baba yako alikuwa na adabu ya kukaa chini!" akanipigia kelele. "Wewe unapanda juu!"

"Mama, ni alama tu."

"Alama ya nini? Eti ya nini? Kuna alama mbili za isale?"

"Za pango. Nilikuwa napima pango."

"Umepima mpaka mume wangu!"

Kaka yangu alifika na panga lake, akaitazama safu ile kutoka mwanzo mpaka mwisho, kisha akanigeukia taratibu.

"Hebu nikumbushe. Uliacha shule darasa la ngapi?"

"La tatu."

"Hili linafundishwa kabla ya la kwanza."

Mshili aliitwa. Kwanza alinitaka niing'oe isale yote kwa mikono yangu, mbele ya watu, moja moja, nami niliing'oa, na watoto wakihesabu kwa sauti kama shuleni. Kisha nikachukua jani moja la isale ile ile nikampelekea Mama wa Juu kwa mikono miwili, kwa kuwa kwetu mtu akikuletea jani hilo kuomba radhi huwezi kumfukuza. Alilipokea. Alilipokea akiwa amegeuza uso, lakini alilipokea.

"Sasa tuzungumze nyumba," mshili akasema.

Hapo hakuna aliyecheka. Mambo yalikuwa wazi. Nyumba haiwezi kusimama juu ya pango. Mama hana mahali pengine. Pango linaweza kufukiwa, lakini anayeweza kulifukia ni mimi peke yangu, na alichofukia mwenye shimo hakifukuliwi tena, si na yeye wala wajukuu zake. Na udongo mzuri, ule mweupe wenyewe, ulikuwa huko huko chini ya sebule. Huku mdomoni baba alikuwa amebakiza makombo.

Mshili alisema hakuna wa kunilazimisha. Babu alisema chini ni yetu, na neno la babu lipo.

Njiani kwenda nyumbani kaka alitembea mbele yangu, panga begani. "Ukifukia utabaki na nini?" akaniuliza.

"Na mdomo."

"Wa shimo au wako?"

"Yote miwili."

"Wewe una wako tayari. Huo mwingine ndio urithi."

Alikuwa anasema kweli. Sikupenda kuliacha lile jina la mwenye shimo. Nilijua vizuri kwamba hakuna mzee wa Ngaramtoni atakayeshuka kwenye punda kunisalimia kwa sababu ya blanketi langu. Siku mbili nilizunguka zunguka, nikapanga hata kuondoka, maana kuondoka ndiyo kazi niliyoijua. Nilikwenda kumuaga Mama wa Juu. Nilimkuta anapika chini ya mabati yake, ameyaegemeza kwenye mti kama kibanda, ng'ombe amefungwa pembeni, na ile nusu ya nyumba ya nyasi imelala chini kabisa. Ilikuwa imeanguka usiku.

"Karibu," akasema. "Usikanyage ukuta, huo unaoukanyaga ni ukuta."

Hakusema neno jingine juu ya nyumba. Alinipa ndizi. Nilikula, kisha badala ya kuaga nikamwendea fundi, aliyekuwa amekaa kwenye mawe yake kando ya mtaro, nikamwuliza kama karai lake lina kazi, maana nilikuwa na pango la kufukia.

Kufukia pango ni kazi ngumu kuliko kulichimba. Ukimwaga udongo tu unajikalia chini na juu panabaki uwazi. Kwenye ulanga nilikuwa nimeona jinsi inavyofanyika: unajenga mawe makavu kuanzia mwisho kabisa ukirudi nyuma, unashindilia udongo wenye maji katikati, na juu unagongomea mawe bapa mpaka yanabana dari. Nilianza peke yangu. Siku ya tatu habari zilikuwa zimefika soko la Ngaramtoni, na Waarusha wakaja kuchukua udongo wa mwisho mwisho. Nikatoa sheria yangu mwenyewe, ya kwanza na ya mwisho: atakayetoa kikapu cha udongo, alete kikapu cha mawe. Walinung'unika, kisha wakashuka mtoni na punda zao. Basi weupe ukatoka na mawe meusi yakaingia, na mzee mmoja alisema hajaona tangu azaliwe watu wanaohama na kuhamia kwenye shimo siku moja.

Ilichukua majuma matano. Ulikuwa muda mrefu kuliko wote niliowahi kukaa kwenye kazi moja bila kumtukana msimamizi, labda kwa sababu msimamizi nilikuwa mimi. Nilipofika usawa wa ukuta wa mbele nikaacha. Nje ya hapo palibaki chumba kidogo cha makombo na mdomo wake. Fundi akajenga juu, bati likapigiliwa, sakafu ikashindiliwa, na mvua ya vuli ikaanza siku moja baada ya msumari wa mwisho.

Lakini Mama wa Juu hakuingia. Alisimama mlangoni akaitazama sebule kama mtu anayetazama mto asioujua kina.

"Nitajuaje?" akasema.

"Nimekwambia, mama, imebana."

"Uliniambia pia isale ni alama tu."

Jumapili, baada ya ibada, alikuja na kwaya nzima ya akina mama. Alikuwa amewachagua, hilo naapa. Wembamba waliachwa uani. Walikuwa kumi na wanane, na hakuna hata mmoja ambaye ungependa akukanyage. Akawaingiza sebuleni, akawapanga. Mimi nikasogea niwe karibu na mlango.

"Wewe unakwenda wapi?" akaniuliza. "Wewe ni wa chini. Nenda chini."

"Sasa hivi?"

"Kama imebana, unaogopa nini?"

Kwaya yote ilinitazama. Kaka yangu, ambaye alikuja kutazama tu, alinikabidhi kandili kwa furaha kubwa.

Nikashuka. Nilipita kwenye makombo nikiwa nimeinama mpaka nikagusa mawe yangu ya mwisho, nikaketi nimeyaegemea mgongo. Ukuta wa mbele ulikuwa juu ya kichwa changu hasa. Kwa muda hakukuwa na sauti. Kisha nikasikia wimbo, si kwa masikio, bali kupitia kwenye mgongo, mzito, wa polepole, sauti za chini kwanza. Kisha wakaanza kuruka. Kwetu wimbo ukikolea hauimbwi kwa kusimama tu, na siku hiyo walikuwa wameagizwa. Kandili likatikisika. Vumbi kidogo likashuka mbele ya mwanga, kama unga kwenye chekecheo, nikalihesabia pumzi. Niliyakumbuka mawe yangu yote. Nilikumbuka moja hasa, la siku ya mvua, ambalo nililigongomea mara mbili tu badala ya tatu kwa sababu nilikuwa nasikia njaa.

Ubeti wa pili. Wa tatu. Vumbi likakatika. Mawe nyuma ya mgongo wangu hayakusogea hata kwa unene wa ukucha.

Wimbo ukaisha. Nikasikia hatua za mtu mmoja zikivuka sebule, zikisimama juu yangu, kisha kisigino kikagonga mara tatu.

"Wa chini!" sauti yake ilipenya kwa mbali, lakini ilipenya. "Uko hai?"

"Niko hai, mama!"

Kisha nikasikia kitu kizito kikiburutwa kwenye sakafu, na kingine, na kingine. Alikuwa anaingiza vitu vyake ndani.